Meza Iliyoacha Kutikisika

Mama mwenzangu, mtoto mdogo akinyamaza ghafla chumba cha pili, huendi kumsifu kwa utulivu wake. Unakimbia. Unajua ama amemwaga unga, ama anamlisha mdogo wake vifungo. Ndivyo alivyoamini fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wanne, na imani hiyo hakuiacha hata kitindamimba wake alipokuwa binti mkubwa aliyemaliza sekondari. Kwake yeye kelele ni usalama. Kimya kina jambo.

Mtaani walimwita Mama Angalia. Jina alijitafutia mwenyewe, maana hakuna sentensi iliyotoka kinywani mwake bila neno hilo kutangulia. Angalia gari. Angalia chai ya moto. Angalia huyo mbwa, na mbwa mwenyewe amelala. Hata mteja akija kupimwa gauni aliambiwa, "Angalia, usibane pumzi hivyo, utanidanganya kiuno halafu kesho unilaumu."

Sasa mfikirie mwanamke wa namna hiyo anaambiwa na binti yake kwamba kila siku, kuanzia mchana mpaka jioni, atakuwa mahali ambapo sheria ya kwanza, imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ni KIMYA.

Mahali penyewe palikuwa tawi la maktaba, chumba kirefu kilichobanwa kati ya posta na duka la vipuri. Binti alikuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Mara ya kwanza aliufanya akaanguka kwa alama kidogo tu, na chuo kile kilikuwa na msimamo wake: mtu hujaribu mara mbili, ya tatu hapokelewi. Mtihani ulikuwa Jumatatu inayokuja. Mama Angalia aliombea mtihani huo kila alipotunga uzi kwenye sindano, na yeye kutwa anatunga uzi.

Angeendelea kuomba tu na kushona, lau si jirani yake mwenye genge la mboga. Jirani huyu alikuwa na macho mawili kama watu wengine, ila yake hayakuwa na likizo.

"Mwenzangu," alisema Ijumaa ile asubuhi, akiegemea mlango wa fundi, "binti yako anasomea nini vile?"

"Uuguzi."

"Ahaa. Basi uuguzi unachekesha sana. Nimemwona jana mlangoni pa maktaba na kijana mmoja mrefuu, wanacheka mpaka wanashikilia ukuta."

Cherehani ilisimama.

"Wanacheka nini?"

"Nitajuaje mie? Mie nauza nyanya. Lakini angalia, mama. Angalia."

Kumwambia Mama Angalia aangalie ni kumtupa samaki majini. Mchana ule aliacha sare za shule zikiwa na mkono mmoja mmoja, akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani ya jua ya mumewe, akaenda maktaba kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mkutubi alikuwa mama wa makamo aliyejulikana kwa wasomaji wote kama Bibi Shii. Kidole chake cha shahada kilikuwa mdomoni muda mwingi kuliko kijiko.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?" alinong'ona.

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chochote."

Bibi Shii alimtazama kwa juu ya miwani yake, kisha akaitazama ile miwani ya jua ndani ya chumba chenye mapazia. "Chochote kimeazimwa," alisema. "Kaa pale kwenye magazeti. Kikirudi nitakuita. Na mkoba uuache hapa."

Kwenye magazeti alimkuta mstaafu mmoja, Mzee Gazeti, ambaye alikuwa na utaratibu wake. Alifika mlango ukifunguliwa, akayakusanya magazeti yote ya siku, akachukua moja la kusoma na mengine akayakalia, kama kuku na mayai yake. Aliyetaka gazeti ilibidi asubiri litotolewe.

"Umechelewa," alimnong'oneza Mama Angalia. Akajiinua kidogo, akavuta moja la chini, akampa. Lilikuwa na joto. "La jana hilo. Habari ni zile zile, wamebadilisha tarehe."

Mama Angalia alilifungua gazeti, akainua uso kidogo juu yake, na akamwona binti yake.

Alikuwa amekaa kwenye meza ya pembeni ukutani, ameinama juu ya karatasi zake. Na mbele, meza ya pili, alikuwa yule kijana. Kweli alikuwa mrefu. Mama Angalia alimbandika jina papo hapo: Mlingoti. Alimpima kwa jicho kutoka kolani mpaka chini, akaona suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu, pindo limejaa na hakuna aliyekumbuka kulishusha. *Mtu hata suruali yake haimtoshi, anataka mtoto wa watu.*

Mlingoti alikuwa anasoma libuku moja nene, kuukuu, halina jalada, mgongo umeachia na kurasa zimening'inia. Kila baada ya muda aliinua uso, akamtazama binti, akajishika tumboni upande wa kulia. Binti naye akajishika mgongoni, chini ya mbavu. Halafu wote wawili wakaziba midomo, mabega yakatikisika kwa kicheko.

Mama Angalia aliisikia damu yake ikipanda. Tumbo, mgongo, tumbo. Ishara gani hizo? Enzi zake kijana alipiga mluzi, ukajua moja.

Lakini kuna jambo jingine alilolishika haraka zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Meza ya binti ilikuwa inatikisika. Mguu mmoja, ule wa ukutani, ulikuwa mfupi. Kila binti alipoandika, meza iliinama ikainuka, ikainama ikainuka, na kalamu ikaruka mstari. Fundi cherehani hawezi kuvumilia jambo hilo. Meza ikicheza, mshono unakwenda upogo. Cherehani yake mwenyewe ilikaa juu ya kipande cha ubao, na ubao juu ya kitambaa kilichokunjwa, na haikucheza hata malori yakipita. *Kumbe mwanangu aliangukia hapa,* aliwaza. *Si akili. Ni meza.*

Jioni kengele ya kufunga ilipolia, binti alikusanya karatasi zake akatoka. Mlingoti aliinuka, akakiweka kile kitabu kwenye toroli lililokuwa karibu na dirisha, naye akatoka. Mama Angalia alilitazama lile toroli. Vitabu vilirundikwa humo ovyo, kimoja kimelala, kingine kimesimama kwa kichwa, mithili ya nguo za mtumba za fungu la mwisho. Juu yake palikuwa na tangazo, lakini kwa miwani ile ya jua yeye aliona ubao mweusi tu. Tangazo lilisema: UKIMALIZA KITABU USIKIRUDISHE RAFUNI, KIACHE HAPA TUKIPANGE WENYEWE. Yeye alielewa kwa akili yake kwamba hivyo ni vitabu vilivyokataliwa.

Basi akachagua. Alichukua kinene kuliko vyote, kikuukuu kuliko vyote, kisicho hata na jalada, ili asije akaharibu mali ya umma iliyo nzima. Bibi Shii alipogeuka kufunga madirisha, Mama Angalia aliinama, akainua meza kwa bega, akakisukumia kitabu chini ya mguu wa ukutani. Akaijaribu kwa kiganja. Tuli.

Usiniulize kwa nini hakuwaza mara mbili. Mama akiwa anamsaidia mwanawe hawazi hata mara moja.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Jumapili maktaba haifunguliwi, na Jumatatu ni mtihani. Mama Angalia alishakuwapo kabla ya binti, mtandio kwenye nyusi, miwani machoni, gazeti lenye joto mkononi.

"Umerudi," alisema Mzee Gazeti. "Chochote hakijaletwa?"

"Bado."

"Watu hawarudishi vitu siku hizi."

Binti aliingia, akaweka karatasi zake mezani, akaegemeza viwiko. Meza haikutikisika. Alishangaa kidogo, akaisukuma kwa mkono, akatabasamu peke yake. Nyuma ya gazeti mama yake alivimba kama andazi. Nusura aseme, "Ni mimi!"

Kisha binti akaenda kwa Bibi Shii. Walinong'ona. Bibi Shii akaenda kwenye toroli, akarudi. Akaenda kwenye rafu, akarudi. Akaangalia chini ya kaunta, ndani ya kabati, nyuma ya pazia. Mlingoti alipoingia, binti alimfuata mlangoni mbiombio.

"Umekiweka wapi?"

"Nimeweka nini?"

"Kitabu! Jana ilikuwa zamu yako, leo zamu yangu. Tulikubaliana. Kiko wapi?"

"Nilikiweka kwenye toroli, nakuapia."

"Toroli halina kitu. Wewe unajua ni kimoja tu, hakitoki nje, hata kopi hakitolewi kwa sababu ya ule mgongo. Unajua mimi hii ndiyo mara yangu ya mwisho. Umekificha, mwizi wewe!"

"Nikifiche ili iweje? Na mimi nafanya mtihani huo huo."

"Ndiyo sababu!"

Waligombana kwa kunong'ona, jambo gumu sana. Mate mengi, sauti kidogo. Bibi Shii alikuwa amewanyooshea kidole lakini hata yeye alikisahau hewani.

Na Mama Angalia? Mama wenzangu, tuseme kweli. Alifurahi. Alisikia *umekificha, zamu, mtihani*, hayo yote yakapita sikio moja yakatokea la pili. Alichokiona ni binti yake kumgeuzia kisogo Mlingoti. *Mungu hamtupi mja wake,* aliwaza. *Nimekuja siku mbili tu, shetani kakimbia.*

"Wamepoteza kitabu cha wauguzi," alieleza Mzee Gazeti, asiyependa jirani akose habari. "Kile kinene. Kikuukuu kile, kimekatika mgongo."

Gazeti lilishuka kidogo. "Kisicho na jalada?"

"Hicho hicho. Mwezi mzima wanakisoma kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Watoto wazuri. Mimi na magazeti yangu sina ustaarabu huo, nakiri."

Moyo wa Mama Angalia ulidondoka mpaka kwenye visigino. Alitazama mguu wa meza. Kitabu kile pale, kimetulia gizani ukutani, kinafanya kazi aliyokipa.

Hapo akili yake ilianza kukimbia huku na huku kama panya ndani ya debe. Atulie? Akitulia, atakiondoa baadaye kimyakimya, binti hatajua kamwe kuwa mama yake alimfuata. Na Mlingoti ndiyo basi tena. Wakati anapiga hesabu hizo alimsikia Bibi Shii akimwambia kijana, kwa huzuni si kwa ukali, "Wewe ndiwe wa mwisho kukishika. Mpaka kipatikane, niachie kadi yako." Mlingoti akaitoa kadi mfukoni bila kujitetea tena.

Lau ingeishia hapo, sina hakika kama mama yule angeinuka. Lakini binti alirudi kwenye meza yake, akalaza kichwa juu ya karatasi, na akasema, hakumwambia mtu, "Jumatatu nitaandika nini mimi?"

Meza haikutikisika hata kwa kwikwi zake. Ilikuwa imetengenezwa vizuri.

Mama Angalia aliweka gazeti chini. Alitembea kwa ncha za vidole mpaka nyuma ya binti, akapiga magoti, akaingia chini ya meza kama mtu anayetafuta sindano. Alikishika kitabu akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena kwa nguvu za mama. Kilitoka, meza ikainama, kalamu zikabingirika, binti akaona mkono karibu na mguu wake.

"Mwizi!" alipiga kelele.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupiga kelele mle ndani tangu jengo lipakwe rangi. Mama Angalia alishtuka, akagonga kichwa, mtandio ukaenda kulia na miwani kushoto.

"Mama?"

"Abee."

"Unafanya nini chini ya meza?"

"Nimepita tu," alisema Mama Angalia akiwa magotini, kitabu kifuani. "Nikasema nikusalimie."

Mzee Gazeti ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akainuka kitini, na siri ya magazeti yote ikawa wazi. Wasomaji wengine wakafuata. Bibi Shii alipeleka kidole mdomoni, kikashindwa kufika, akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

Binti yeye hakucheka.

"Umenifuata tangu lini?"

"Jana tu. Jana na leo. Meza ilikuwa inacheza, mwanangu, unaandika upogo. Nikaona hiki kimetupwa…"

"Unanifuata kwa nini?"

Mama Angalia alitafuta neno zuri, hakulipata, akatoa lile lile alilokuwa nalo. "Naogopa kimya. Na watu wanasema unacheka."

"Ungeniuliza!"

"Ungeniambia?"

Kwa kweli binti asingemwambia. Tangu aanguke mara ya kwanza, nyumbani alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" na "nimeshiba".

Mlingoti, ambaye angekuwa na haki ya kununa mpaka mwisho wa dunia, alisogea akainama. "Shikamoo, mama."

Kuna mitihani mingi. "Marahaba," alisema Mama Angalia, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akamgeukia mkutubi. "Mrudishie kadi yake. Kosa ni langu." Kadi ikarudi.

"Samahani," binti alimwambia kijana, akitazama chini. "Nilikuita mwizi wa kitabu."

"Na mama yako ukamwita mwizi wa nini?" aliuliza Mlingoti, na hapo binti akashindwa, akacheka huku bado machozi yanamtoka.

Lakini saa zilikuwa zimekwenda, kitabu ni kimoja, na zamu haziwezekani tena. Bibi Shii akaamua wasome pamoja meza ile ile. Mama Angalia alivuta kiti, akakiweka katikati yao.

"Mama!"

"Nimekaa tu. Someni."

Tatizo ni kwamba meza ilirudia kucheza. Basi aliingiza goti lake chini ya ubao, upande wa ukutani, akaliinua, akalikaza. Meza ikatulia. Akakaa hivyo.

Walisoma. Mlingoti alijishika tumboni upande wa kulia. "Hapa?"

"Ini," alisema binti. "Mama wa genge. Chochote kinacholiwa mtaani lazima kipite kwake kwanza akichambue."

Kijana akajishika mgongoni, chini ya mbavu. "Na hapa?"

"Figo. Bibi Shii. Anachuja wanaoingia, anatoa takataka."

Mama Angalia aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Ndicho mlichokuwa mnachekea?"

"Ndiyo hicho, mama. Kila kiungo ukikifananisha na mtu unayemjua, jina lake halikutoki kichwani."

Alijaribu kuwaacha wasome, goti limekaza. Halafu hakuweza. "Na mimi je?"

Wawili wale walitazamana.

"Sema," alisema. "Sikasiriki."

"Juu ya figo," binti alianza polepole, "kuna kitezi kidogo, kimekaa kama kofia. Kikihisi hatari kinauamsha mwili mzima. Moyo unadunda, jasho linatoka, miguu inataka kukimbia."

"Hatari ikiwepo."

"Hata isipokuwepo."

Mlingoti alijifanya anatafuta ukurasa.

"Na kina faida, au kinakera watu tu?"

"Mtu akikosa tezi hizo na asitibiwe, anakufa, mama."

Mama Angalia alilifikiria jambo hilo. "Basi sawa," alisema, akalikaza goti. "Endeleeni. Na wewe, kesho niletee hiyo suruali nikushushie pindo, unanitia aibu."

Mpaka kengele ya kufunga inalia, mguu wa Mama Angalia ulikuwa umekufa ganzi wote, ikabidi wamshike huku na huku kumtoa mlangoni. Jirani wa genge aliwaona wakipita watatu, akaacha nyanya zikibingirika.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukiwa na mtoto anayenyamaza, muulize. Akikataa kujibu, muulize tena kesho yake. Lakini usimfuate, na ukishindwa, umfuate, basi usishike kitu. Nanyi watoto, mwambieni mama kinachowachekesha, hata nusu. Mama ukimwachia pengo atalijaza mwenyewe, na hajazi kwa maua.

Majibu yalitoka. Binti amefaulu. Mlingoti naye amefaulu, chuo hicho hicho, darasa hilo hilo. Mama Angalia alishangilia mtaa mzima ukasikia, akacheza, akamkumbatia hata mwenye genge. Usiku wala hakulala vibaya. Ila asubuhi, alipokuwa anatunga uzi, mtu mmoja alimwambia kwamba chuoni kule kuna maktaba ya ghorofa tatu.

Cherehani ilisimama.